Vidonge vya uzazi wa mpango kabla ya upasuaji wa kukaza tumbo: niache lini, na nitumie nini badala yake?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina umri wa miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa tatu natumia vidonge vya Microgynon. Baada ya wiki tano nitasafiri kwenda Istanbul kufanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo pamoja na kunyonywa mafuta kiunoni, na nitakaa huko siku kumi. Fomu niliyotumiwa inasema niache dawa zote za homoni, lakini haisemi lini. Mfamasia ameniambia niendelee tu kumeza. Rafiki yangu aliyefanyiwa upasuaji kama huo aliacha miezi mitatu kabla. Nimfuate nani? Na kwa kuwa hedhi yangu huenda ikaangukia wiki hiyohiyo, naweza kumeza Primolut ili isitoke? Sina ugonjwa wowote, isipokuwa mama aliwahi kuvimba mguu mmoja baada ya kumzaa mdogo wangu, wakasema damu iliganda.

Jibu: Dada yangu, nashukuru umeandika ukiwa bado na wiki tano mkononi. Mimi ni daktari wa usingizi, na wanawake wengi huniambia habari hii wakiwa tayari wamelala kwenye kitanda cha chumba cha upasuaji, wakati ambapo ninaloweza kuwafanyia ni dogo. Jibu langu kwa ufupi ni hili. Kwa upasuaji wa aina yako, acha Microgynon, na kidonge cha mwisho chenye homoni kiwe kimemezwa si chini ya wiki nne kabla ya siku ya upasuaji. Siku unapoacha, uwe umeshaanza njia nyingine ya kuzuia mimba. Primolut usiiguse. Na ile sentensi yako ya mwisho kuhusu mama, ambayo umeiandika kama jambo la pembeni, ndiyo iliyonifanya nijibu kwa urefu huu.

Microgynon ina homoni mbili, estrojeni na levonogestreli, na kwa suala letu inayotuhusu ni estrojeni. Ikishafika kwenye ini, hulisukuma litengeneze kwa wingi zaidi protini zinazogandisha damu, na papo hapo hupunguza baadhi ya protini zinazozuia damu isigande ovyo. Mwanamke hasikii chochote. Damu yake inatembea kama kawaida, ila sasa iko tayari zaidi kuganda ikipata sababu. Jambo hili halikugunduliwa leo. Vidonge vya kwanza vya kuzuia mimba viliidhinishwa Marekani mwaka 1960, na mwaka uliofuata daktari mmoja wa Uingereza alikuwa ameshaandika kuhusu mtumiaji aliyepata donge la damu kwenye mapafu. Kufikia mwisho wa mwaka 1969 Uingereza ilikuwa imeshauri kiasi cha estrojeni katika kidonge kisizidi mikrogramu 50. Microgynon yako ina mikrogramu 30, kwa hiyo usidhani kwamba umekuwa ukimeza sumu kwa miaka mitatu.

Namba zitakusaidia kuuona ukubwa halisi wa jambo. Wakala wa Dawa wa Ulaya ulipopitia takwimu mwaka 2013, ulikadiria kwamba katika kila wanawake 10,000 wasiotumia vidonge hivi na wasio na mimba, takriban wawili hupata donge la damu kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, katika mwaka mmoja. Kwa wanaotumia vidonge vyenye levonogestreli kama vyako, idadi ni kati ya watano na saba. Kwa wanaotumia vyenye drospirenoni, mfano Yasmin, au vyenye desogestreli pamoja na estrojeni, ni kati ya tisa na 12. Hatari huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa matumizi, na huanza upya mtu anapoviacha kwa wiki nne au zaidi kisha akarudi. Mfamasia wako, kwa hiyo, hakukosea akiangalia kidonge peke yake. Kwa mwanamke mwenye afya anayetembea na kufanya shughuli zake kila siku, hatari hii ni ndogo, na ni ndogo kuliko ile ya kuwa mjamzito. Alichosahau ni kwamba wewe hutabaki katika hali hiyo ya kila siku.

Damu hugandia ndani ya vena kwa sababu tatu ambazo madaktari huzihusisha na jina la Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani wa karne ya 19: damu kusimama badala ya kutembea, mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Upasuaji wa kukaza tumbo unaleta zile mbili za kwanza kwa pamoja. Utalala chini ya nusu kaputi kwa saa kadhaa, misuli ya miguu ikiwa imelegea kabisa, na misuli hiyo ndiyo pampu inayorudisha damu juu. Misuli ya tumbo inaposhonwa na kukazwa, na mkanda wa kubana ukafungwa juu yake, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na damu ya miguuni hupata taabu kurudi kwenye moyo. Siku za mwanzo utatembea umeinama, hatua fupifupi, na muda mwingi utakuwa kitandani magoti yamekunjwa ili mshono usivutwe. Ndiyo maana upasuaji huu uko juu katika orodha ya upasuaji wa urembo unaoleta madonge ya damu, na ukiunganishwa na kunyonya mafuta muda wa kulala mezani unarefuka. Ukiongeza estrojeni, sababu ya tatu nayo imetimia.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia karibu wanawake milioni moja wa umri wa makamo, ulionyesha kwamba ndani ya majuma 12 baada ya kulazwa na kupasuliwa, mwanamke mmoja kati ya 140 alipata donge la damu lililomrudisha hospitali au kumuua. Kwa waliopasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo alikuwa mmoja kati ya 815, na kwa wasiopasuliwa kabisa, katika muda kama huo, mmoja kati ya 6,200. Wanawake hao walikuwa wakubwa kuliko wewe na upasuaji wao ulikuwa wa kila namna, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama zako. Ninachotaka ukione ni urefu wa muda. Hatari haiishi siku unaporuhusiwa kutoka wodini. Inaendelea wiki nyingi, na kwako sehemu kubwa ya wiki hizo utakuwa umesharudi Dar es Salaam.

Ingekuwa unaondolewa kidutu cha usoni kwa sindano ya ganzi, au unapunguzwa ngozi ya kope kwa nusu saa na kutembea mwenyewe hadi kwenye gari, ningekuambia uendelee na vidonge vyako bila wasiwasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unatenganisha mambo haya wazi: kwa upasuaji mdogo usiomlaza mtu, vidonge vyenye estrojeni havina kizuizi, kwa upasuaji mkubwa unaomfanya mtu akae muda mrefu bila kutembea, havifai kabisa.

Kwa nini wiki nne na si miezi mitatu kama rafiki yako? Kwa sababu protini za damu zilizobadilishwa na estrojeni hurudi katika kiwango chake cha kawaida ndani ya wiki chache, na wiki nne ndizo mwongozo wa dawa wa Uingereza unazotaka kabla ya upasuaji mkubwa uliopangwa. Miezi miwili ya ziada haikuongezei usalama wa maana, bali inakufungulia mlango wa mimba. Nimewahi kumpokea mama aliyeacha vidonge mapema kwa ushauri wa aina hii, bila kuweka kitu kingine badala yake, na kipimo cha mkojo asubuhi ya upasuaji kikaonyesha mimba. Upasuaji ulifutwa, fedha alizokwisha kulipa zikapotea, na akaondoka na uamuzi ambao hakuwa amejiandaa kuukabili. Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kuacha. Tena mimba yenyewe huifanya damu iwe tayari kuganda kuliko kidonge kinavyofanya, kwa hiyo anayekimbia kidonge akaingia kwenye mimba amekimbilia kwenye hatari kubwa zaidi.

Hesabu yako iwe hivi. Chukua kalenda, weka alama siku ya upasuaji, rudi nyuma siku 28. Kuanzia siku hiyo usimeze tena kidonge chenye homoni. Katika pakiti ya Microgynon yenye vidonge 28, vile saba vya kahawia ni madini ya chuma tu, havihesabiwi. Una wiki moja, basi, ya kujipanga. Kama pakiti yako inamaliza vidonge vyenye homoni ndani ya wiki hiyo, imalize. Kama haimalizi, ikatishe tarehe ikifika.

Si kila kidonge cha uzazi wa mpango kinaachwa, na hapa ndipo fomu yako ilipokosea kwa kusema dawa zote za homoni. Soma boksi: ukiona neno lenye "estradiol" ndani yake, dawa hiyo ina estrojeni. Hilo linahusu pia Diane-35, ambayo baadhi ya wasichana huimeza kwa ajili ya chunusi bila kujua ni homoni ya namna gani, na linahusu viraka vya kubandika kwenye ngozi na pete za ukeni. Vidonge vya homoni moja tu, kama Microlut, ambavyo wakunga huwapa akina mama wanaonyonyesha, havina estrojeni na havina haja ya kuachwa kwa sababu ya upasuaji. Vivyo hivyo kijiti na kitanzi.

Kwako ningeanza na mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni kuhamia Microlut: siku inayofuata kidonge cha mwisho cha Microgynon chenye homoni, unameza cha kwanza cha Microlut, bila kuruka hata siku moja, na unatumia kondomu kwa siku mbili za mwanzo. Pakiti ina vidonge 35 na vyote vina dawa. Lazima kimezwe saa ileile kila siku, kikichelewa zaidi ya saa tatu kinga inayumba. (Saa za Istanbul ni sawa na za Dar es Salaam mwaka mzima, kwa hiyo huna haja ya kubadili muda wako.) La pili ni kijiti, ambacho hakihitaji kukumbukwa. Kiko chini ya ngozi ya mkono wa juu, na ukikiweka mwambie mpasuaji, hasa kama baadaye mtazungumzia kunyonya mafuta ya mikononi. Njia zote mbili zinaweza kuleta matone ya damu yasiyo na ratiba katika miezi ya mwanzo, na ni vizuri ulijue hilo kabla ili usishtuke.

Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa na kwa upande wa damu kuganda hakina tatizo lolote. Ila miezi ya mwanzo huongeza wingi wa hedhi, na wewe unakwenda kwenye upasuaji unaopoteza damu. Ukikichagua, pima wingi wa damu kabla ya kusafiri. Sindano ya miezi mitatu inaruhusiwa na Shirika la Afya Duniani hata wakati wa upasuaji mkubwa, lakini zipo tafiti zilizoihusisha na ongezeko fulani la madonge ya damu, na ikishaingia mwilini haitoki hadi iishe yenyewe. Kwa historia ya familia yako sitaichagua.

Sasa Primolut. Wengi huichukulia kuwa dawa nyepesi ya kusogeza hedhi kwa ajili ya harusi, Hija au safari, na hununuliwa dukani bila swali lolote. Dawa iliyomo ni norethisteroni, na kwa kipimo cha kusogeza hedhi, kidonge cha miligramu 5 mara tatu kwa siku, mwili huibadilisha sehemu yake kuwa estrojeni ileile iliyomo ndani ya Microgynon. Miligramu 10 hadi 20 za norethisteroni kwa siku hutoa estrojeni inayolingana na mikrogramu 20 hadi 30, yaani kidonge kizima cha Microgynon au karibu yake. Ungeacha estrojeni mlango wa mbele wiki nne kabla, kisha ukairudisha mlango wa nyuma wiki ileile unayolala mezani. Hedhi haizuii upasuaji. Mwambie muuguzi, vaa pedi, na kazi itaendelea. Sisi wa chumba cha upasuaji tumeyazoea.

Siku ya upasuaji utaulizwa kama kuna dawa unayotumia. Hapa nyumbani nikiuliza swali hilo, jibu la kawaida ni "hapana", na nikiuliza tena "hata vidonge vya majira?" ndipo ninapoambiwa "aa, hivyo ndiyo." Tafadhali wewe vitaje bila kuulizwa mara ya pili: ulimeza nini, uliacha tarehe gani, sasa unatumia nini. Kuna dawa tatu ambazo jibu lako linazibadilishia maana. Sugamadeksi, inayotumika kuondoa nguvu ya dawa ya kulegeza misuli mwisho wa upasuaji, hunasa pia homoni za kuzuia mimba, na ukipewa unahitaji kondomu kwa siku saba, hata kama una kijiti. Aprepitanti, ya kuzuia kutapika, hudhoofisha vidonge na kijiti kwa takriban mwezi mzima. Asidi ya traneksamiki, ambayo wapasuaji wa urembo huipenda kwa sababu hupunguza kutoka damu, haipatani na estrojeni, na hiyo ni sababu nyingine ya daktari kujua kama uliacha kweli. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza Microlut, meza kingine. Antibiotiki za kawaida za baada ya upasuaji haziondoi nguvu ya vidonge. Inayofanya hivyo ni rifampisini, ile ya kifua kikuu, na jamii yake.

Nirudi kwa mama. Wapasuaji wengi hutumia jedwali la alama linalojulikana kwa jina la Joseph Caprini kukadiria nani yuko karibu na donge la damu. Vidonge vyenye estrojeni vina alama moja. Upasuaji mkubwa unaozidi dakika 45 una alama mbili. Uzito uliozidi kiasi una alama moja. Ndugu wa damu aliyewahi kupata donge ana alama tatu. Kwa hiyo hata ukiacha Microgynon kwa utaratibu wote niliokueleza, na hata kama uzito wako uko sawa, unabaki na alama tano, na tano kwenda juu ni kundi la hatari kubwa. Kuacha kidonge kumekupunguzia moja tu. Ni lazima mpasuaji wa Istanbul alijue jambo hili kwa maandishi kabla hujapanda ndege, kwa sababu ndilo litakaloamua kama utapewa sindano za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida enoksaparini miligramu 40 kwa siku, na kwa siku ngapi baada ya kutoka wodini. Na pia kama ni busara kuunganisha kukaza tumbo na kunyonya mafuta kwa siku moja.

Muulize mama maswali machache, kwa upole, maana kwake huenda ni kumbukumbu ya kipindi kigumu. Alikuwa na umri gani? Alipimwa mguu kwa mashine ya utrasaundi, au walikisia tu? Alipewa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, na kwa miezi mingapi? Je, kuna mjomba, mama mdogo au bibi aliyepata jambo kama hilo? Kama kuna mwenye sikoseli katika familia, sema pia, kwa sababu hata kubeba chembe moja tu ya urithi wa ugonjwa huo, bila kuugua, huongeza uwezekano wa donge kufika mapafuni. Daktari wako anaweza kutaka vipimo vya protini za kuzuia damu kuganda. Visifanyike ukiwa bado unameza Microgynon, kwa kuwa estrojeni hushusha baadhi ya protini hizo na majibu yatakudanganya.

Kuhusu safari, nitasema wazi kwamba siku kumi hazinitoshi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi huongeza uwezekano wa donge la damu takriban mara mbili, na ndege ya Istanbul hadi Dar es Salaam hukaa angani karibu saa saba. Ukitoa siku za maandalizi, utakuwa unapanda ndege hiyo ukiwa na wiki moja tu ya mshono. Ningependa zipite walau wiki mbili tangu upasuaji, na sindano za enoksaparini ziwe bado zinaendelea siku ya safari kama daktari wako ataziagiza. Kama likizo yako haiongezeki, basi tarehe ya upasuaji na isogezwe. Huu ni upasuaji wa hiari. Hakuna kitakachoharibika tumboni mwako ukisubiri.

Vivyo hivyo kama utakuwa umechelewa kuacha vidonge, kwa mfano zimebaki wiki mbili tu unaposoma haya, usiache kimyakimya na kuficha. Mwambie mpasuaji. Kwa wengine ataamua kuendelea na sindano za kinga; kwa mwenye historia kama yako ningeahirisha.

Baada ya upasuaji, mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, kigimbi kikauma au kuwa cha moto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukipata pumzi fupi ya ghafla, maumivu ya kifua unapovuta hewa, au ukakohoa damu, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na jambo la kwanza kutamka mapokezi liwe kwamba umepasuliwa hivi karibuni. Hili liwe kichwani mwako kwa miezi mitatu.

Swali la lini urudie Microgynon hukuliuliza, lakini najua litakuja. Mwanamke asiye na historia ya familia husubiri hadi awe anatembea kikamilifu kwa wiki mbili au zaidi, kisha huanza pakiti mpya na hedhi inayofuata. Kwako, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haukatazi kurudi, ila ule wa Uingereza huhesabu kwamba hatari kwa kawaida huzidi faida pale mzazi au ndugu wa tumbo moja alipopata donge la damu kabla ya kutimiza miaka 45. Mimi nafuata wa pili. Mama akikuthibitishia kwamba lilikuwa donge kweli na kwamba alikuwa chini ya umri huo, baki na Microlut, kijiti au kitanzi, na estrojeni iishie hapa. Na kama huyo mdogo wako aliyezaliwa wakati ule ni wa kike, mweleze naye, ili siku atakapokwenda kliniki kuchukua vidonge aseme habari ya mama kabla hajaandikiwa.